Kusikiliza Wimbo Uliosukwa kwa Chane Nyingi

SOMO LA REDIO KWA MADARASA YA WATU WAZIMA

  Leo hatutaandika barua wala hatutafanya hesabu. Leo tutajifunza kusikiliza.

Labda utacheka, useme, "Kusikiliza nako hufundishwa? Masikio ninayo tangu nilipozaliwa." Ni kweli. Lakini na macho pia ulikuwa nayo tangu ulipozaliwa. Hata hivyo, kabla hujaanza kisomo, ulipofungua kitabu uliona alama nyeusi tu zimepangana kama siafu. Siku hizi unaona maneno. Macho ni yale yale. Kilichozidi ni kwamba sasa unajua pa kuanzia. Nyimbo nazo ni hivyo hivyo. Ziko nyimbo nyepesi, ambazo mtu huzishika mara moja. Na ziko nyimbo zenye mambo mengi ndani yake, ambazo mtu asiyejua pa kuanzia husikia kelele tu, kisha huzima redio.

Sasa fikiri juu ya mkeka. Ukiutazama kwa mbali unaona maua yake, basi. Ukikaribia unaona kwamba umeungwa kwa kili nyingi zilizoshonwa pamoja. Ukiushika ukili mmoja unaona kwamba umesukwa kwa chane, nyingine nyeupe, nyingine nyekundu, nyingine nyeusi. Msukaji hakuzichanganya ovyo. Kila chane inapita juu ya mwenzake, kisha inapita chini, kwa hesabu. Wimbo mgumu ni kama mkeka huo. Anayetaka kuufahamu hana budi kufuata chane moja moja.

Wimbo tutakaoufuata leo ni wa Watamil. Watamil ni watu wenye lugha yao ya kale sana, Kitamil. Wengi wao wanakaa kusini ya India, katika jimbo la Tamil Nadu, na wengine katika kisiwa cha Sri Lanka, ambacho hadi mwaka 1972 kiliitwa Ceylon. Kati ya nchi hizo mbili iko bahari nyembamba. Ishike sana habari ya bahari hiyo, maana tutairudia.

Jina la wimbo ni "Enjoy Enjaami". Ulitolewa mwezi wa Machi 2021. Maneno yaliandikwa na kijana mmoja aitwaye Arivu, naye anaimba pia. Mwenzake katika kuimba ni Dhee, mwanamke mwenye asili ya Watamil wa Sri Lanka aliyekulia Australia. Aliyeutengeneza muziki ni Santhosh Narayanan.

Jambo moja la kujua mapema: katika nchi ya Watamil, nyimbo nyingi zinazopendwa hutoka katika sinema. Mtungaji hupewa kisa cha sinema, naye hutunga wimbo wa kukifaa kisa hicho. Wimbo huu haukutoka katika sinema yo yote. Ulitolewa na Maajja, jukwaa lililoanzishwa kwa ajili ya wanamuziki wanaofanya kazi zao wenyewe. Kwa hiyo kisa chake si cha shujaa na mchumba wake. Ni kisa cha jamaa ya mwandishi mwenyewe. Hata hivyo watu waliupokea kwa mikono miwili. Haikupita miaka miwili, ukawa umetazamwa katika YouTube zaidi ya mara milioni 300.

(Hapa wimbo ulipigwa. Hauzidi dakika 5. Kama darasa lenu lina simu yenye intaneti, mwalimu anaweza kuupiga tena kila tukifika hatua mpya.)

HATUA YA KWANZA: SIKILIZA KWA MIGUU

Mara ya kwanza usijisumbue na maneno. Hujui Kitamil, nami sikudai ukijue. Weka mguu chini, uache ufuate mdundo. Utaona kwamba mguu hausiti hata kidogo. Wimbo huu unachezeka. Katika India na nje ya India, watoto na wazee waliucheza wasijue hata neno moja.

Chane ya kwanza ndiyo hiyo: ngoma ya furaha. Hata neno la kwanza la jina la wimbo ni la Kiingereza, na maana yake ni "furahia". Ikiwa utaishia hapo, hukukosea. Umeyaona maua ya mkeka kwa mbali. Lakini tuendelee.

HATUA YA PILI: SIKILIZA SAUTI

Mara ya pili hesabu sauti. Usiulize zinasema nini. Uliza zinafanya nini.

Kwanza utamsikia Dhee. Anaita mwito mfupi unaorudiwa, kama ndege aitaye mtini. Mwito huo unarudi tena na tena katika wimbo. Kila ukiusikia, jua kwamba umerudi nyumbani, kama msafiri anayeuona tena mwembe wa mlangoni kwao.

Pili utamsikia Arivu akitoa maneno upesi upesi juu ya mdundo, kama mtu anayehutubia na kuimba kwa wakati mmoja. Mtindo huo vijana huuita rapu. Arivu aliuzoea katika kundi la The Casteless Collective, lililoundwa mwaka 1917? La, wasikilizaji, sikilizeni vizuri tarehe: ni mwaka 2017, katika mji wa Chennai. Kundi hilo huimba juu ya heshima ya watu waliodharauliwa kwa sababu ya tabaka walilozaliwa.

Tatu, na hapa ndipo ninapotaka usimame, utaisikia sauti ya Arivu ikibadilika. Haitoi tena maneno upesi. Inanyooka, inarefuka, inapanda kisha inashuka kama pumzi ya mtu aliyechoka. Mguu wako bado unataka kucheza, lakini kifua kinakuambia jambo jingine. Ukiisikia sauti hiyo, umeishika chane nyeusi ya mkeka. Jina lake ni oppari.

Oppari ni uimbaji wa msibani wa Watamil. Mtu akifa, wanawake hukaa pamoja na kumlilia kwa nyimbo. Mara nyingine huitwa waimbaji wenye kujua kazi hiyo. Humtaja marehemu, humsifu, husimulia taabu zake na wema wake, na humwuliza kwa nini amewaacha. Hakuna kitabu cha kusomea. Mwimbaji hutunga pale pale, akifuata njia aliyoipokea kwa mama zake. Wewe uliyekaa matangani unajua kwamba yuko mama ambaye kilio chake hukusanya mambo ya marehemu yote, hata mgeni akiyasikia humjua marehemu ingawa hakupata kumwona. Basi, fikiri kazi hiyo ikiwa imefanywa kuwa sanaa yenye kanuni zake.

Sasa labda mmoja wenu darasani ananyosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, ikiwa ni kilio, mbona unachezeka? Je, si kumkosea adabu aliyekufa?"

Swali ni zuri. Katika vijiji vingi vya Watamil, ngoma na kilio havigombani. Iko ngoma yao iitwayo parai. Ni duara la mti lililowambwa ngozi ya ng'ombe upande mmoja. Mpigaji huiegemeza kifuani na kuipiga kwa fimbo mbili, moja nyembamba na ndefu, nyingine nene na fupi. Kabla ya kuipiga huiota motoni ili ngozi ikaze na sauti ipae. Ngoma hiyo hupigwa katika misiba, na watu hucheza mbele ya jeneza hadi makaburini. Wanamsindikiza mwenzao kwa heshima.

Lakini kwa muda mrefu waliopiga parai walidharauliwa. Watu walisema kwamba ngoma ya msiba na ngozi ya ng'ombe ni uchafu, na mpigaji wake hafai kuguswa. Katiba ya India, iliyoanza kutumika mwaka 1950, ilipiga marufuku desturi hiyo ya kumhesabu mtu kuwa hagusiki. Sheria ilibadilika siku moja. Mioyo ya watu haikubadilika siku moja. Siku hizi vijana wengi hubeba parai kwa fahari, hata katika mikutano ya kudai haki. Kwa hiyo mwanamuziki wa Kitamil anapoingiza sauti ya kilio cha kijijini katika wimbo wa kuchezwa na dunia nzima, anafanya zaidi ya kupamba. Anaileta sebuleni sauti iliyokuwa ikiwekwa uani.

HATUA YA TATU: SIKILIZA MANENO

Sasa tuje kwenye maneno. Sitakutafsiria wimbo, ila nitakueleza habari zake.

Tuanze na jina. Neno "Enjaami" linatokana na maneno mawili ya Kitamil. "En" maana yake ni "wangu". "Saami" maana yake ni "bwana", au hata "mungu". Hebu fikiri ni nani humwita mwenziwe hivyo. Mtu asiye na shamba humwita hivyo mwenye shamba, akiwa ameinamisha kichwa. Na bibi naye humwita mjukuu wake hivyo, akimbembeleza mapajani. Neno ni moja. Mara moja ni la unyonge, mara nyingine ni la mapenzi. Mwandishi ameliweka mlangoni mwa wimbo, akatuacha tuingie.

Ndani ya wimbo tunakuta ukoo mkubwa. Yuko babu anayefanya kazi ya shamba. Wako ndege, chura na kiwavi, na kiwavi anaitwa kwa jina la mdogo wa kike, kama mtu wa nyumbani. Wimbo unasema kwamba ardhi na maziwa ya maji yaliachwa na wazee kwa ajili ya wote, na wanyama pia wana haki yao.

Iko pia karela, ile mboga chungu itambaayo juu ya kichanja. Ndani yake mna mbegu, na mbegu hizo ni urithi ulioachwa na baba na mama. Mkulima hahitaji kuelezwa jambo hilo. Tunda huliwa likaisha, lakini mbegu hubaki. Walioondoka wametuachia kitu.

Kisha inakuja ile sauti ya kilio niliyokuambia uisubiri. Hapo anasimuliwa mtu aliyepanda miti na kuitunza bustani ikastawi, huku yeye mwenyewe akibaki na kiu. Hapo ndipo penye moyo wa wimbo. Bustani ni nzuri, lakini si yake.

Je, bustani hiyo iko wapi? Ili tujue, hatuna budi kuivuka ile bahari nyembamba.

HABARI ILIYO NYUMA YA WIMBO

Waingereza walipoitawala Ceylon, walifungua mashamba makubwa katika milima yake. Kwanza walipanda kahawa. Mwaka 1869 ulionekana ugonjwa wa kutu ya majani, na baada ya miaka michache kahawa ikaangamia. Lakini mwaka 1867 Mskochi mmoja, James Taylor, alikuwa ameanza kulima chai katika shamba la Loolecondera. Basi chai ikashika mahali pa kahawa.

Mashamba yalitaka watu wa kazi. Watu hao waliletwa kutoka nchi kavu za Watamil upande wa India. Wengi hawakuwa na ardhi, walikuwa na njaa na madeni, na walikuwa wa matabaka yaliyodharauliwa. Aliyewaandika kazi aliitwa kangani. Huyo alikuwa mnyapara wao, na mara nyingi alikuwa mtu wa kijijini kwao. Aliwakopesha nauli na chakula cha njiani, na deni hilo likawafunga. Hapo zamani walivuka bahari, kisha wakatembea kwa miguu siku nyingi porini hadi kufika milimani. Wengi walikufa njiani kwa homa na kipindupindu. Wazee wa Tanzania watawakumbuka manamba wa mashamba ya mkonge, walioandikwa kazi mbali na kwao na kupewa namba. Ukiwafikiri hao, hutakuwa mbali sana na habari hii.

Kahawa ilikuwa na msimu wake, na watu waliweza kurudi kwao. Chai huchumwa mwaka mzima. Kwa hiyo watu walikaa. Waliishi katika vyumba vidogo vilivyopangana mstari mmoja, wakazaa watoto, na watoto wakazaa wajukuu. Wanawake ndio waliochuma majani, kikapu mgongoni na kamba ya kikapu kichwani. Chai hiyo ilinywewa Ulaya na kwingineko, na ikailetea nchi fedha nyingi.

Mwaka 1948 Ceylon ikapata uhuru. Mwaka huo huo ikatungwa sheria ya uraia. Sheria hiyo ilimtaka mtu athibitishe kuzaliwa kwa wazee wake katika kisiwa. Sasa mwulize mchuma chai: cheti cha kuzaliwa cha babu kiko wapi? Hakuna. Aliyezaliwa katika chumba cha shambani hakuandikwa po pote. Basi wengi wa watu hao wakaonekana si raia wa Ceylon, na India nayo haikuwahesabu kuwa wake. Wakawa watu wasio na nchi.

Tarehe 30 Oktoba 1964, serikali mbili zilifanya mapatano. Watu hao walikadiriwa kuwa 975,000. Ikakubaliwa kwamba India itawachukua 525,000, na Ceylon itawapa uraia 300,000. Wale 150,000 waliosalia waliachwa wazungumzwe baadaye, na mwaka 1974 nchi hizo ziligawana nusu kwa nusu. Watu waligawanywa kama magunia ghalani. Miaka iliyofuata, jamaa nyingi zilipanda meli kurudi India, nchi ambayo wengi wao hawakupata kuiona. Kule Ceylon waliitwa Wahindi. Walipofika India wakaitwa watu wa Ceylon. Katika Sri Lanka, wale waliosalia bila uraia walipewa kwa sheria ya mwaka 2003. Hesabu mwenyewe tangu 1948: ni miaka 55.

Bibi yake Arivu alikuwa mmoja wa watu wa mashamba hayo ya chai, naye alirudi India. Arivu ameeleza kwamba wimbo wake ulitokana na hadithi za bibi huyo. Sasa urudie wimbo. Mtu aliyeitunza bustani akabaki na kiu, umemjua. "Bwana wangu", umejua aliambiwa nani shambani, na aliambiwa nani mapajani. Na sauti mbili zinazoimba, moja ni ya kijana aliyelelewa upande wa India, nyingine ni ya mwanamke ambaye asili yake ni upande wa Sri Lanka. Ile bahari nyembamba imo katikati yao, na mwito wa ndege unapita juu yake kwenda na kurudi.

(Hapa wimbo ulipigwa mara ya pili.)

NENO LA MWISHO

Msomaji na msikilizaji, wewe umeanza kisomo ukiwa mtu mzima. Unajua uchungu wa kuweka kidole gumba mahali ambapo wengine huweka jina. Kwa hiyo jambo hili utalielewa upesi kuliko wengi. Watu wa mashamba ya chai walikosa nchi kwa sababu walikosa karatasi. Hakuna aliyewaandika, nao wenyewe wengi hawakujua kuandika. Lakini habari zao hazikupotea zote. Kina mama walizitia katika kilio na katika hadithi za jioni, na mjukuu mmoja aliyejua kusoma akazichukua, akazisuka pamoja na ngoma na maneno ya upesi, akazipeleka duniani.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wimbo unaweza kuwa badala ya cheti. Kilio kizuri namna gani hakikumpa mtu uraia. Cheti cha mtoto wako kitafute, na ukisome mwenyewe uone kwamba jina limeandikwa sawasawa. Lakini cheti nacho hakitakuambia babu alikuwa mtu wa namna gani, wala alipanda mti gani. Vyote viwili vina kazi yake.

Na utakapousikia tena wimbo wa lugha usiyoijua, usiseme haraka kwamba ni kelele. Sikiliza kwanza kwa miguu, kisha sikiliza sauti, kisha utafute habari. Huenda hutaupenda. Lakini utakuwa umeuacha kwa kuujua.

Kwa leo tunaishia hapo. Kwaherini.

MANENO YA KUKUMBUKA

Chane: ukindu au jani lililopasuliwa jembamba kwa kusukia.
Kangani: mnyapara wa Kitamil aliyewaandika watu kazi katika mashamba ya Ceylon.
Oppari: uimbaji wa msibani wa Watamil.
Parai: ngoma ya duara ya Watamil, hupigwa kwa fimbo mbili.
Uraia: haki ya mtu kuhesabiwa kuwa mwenyeji wa nchi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Taja hatua tatu za kusikiliza wimbo. Hatua ipi ni ngumu kwako, na kwa nini?
2. Neno "saami" lina maana gani kinywani mwa mfanya kazi wa shamba? Lina maana gani kinywani mwa bibi?
3. Kwa nini watu wa kahawa waliweza kurudi kwao, lakini watu wa chai walikaa?
4. Toa 525,000 na 300,000 katika 975,000. Wamebaki wangapi? Watu hao walifanywaje mwaka 1974?
5. Je, yafaa wimbo wa majonzi kuchezwa? Wazungumze wanaokubali, kisha wanaokataa.

KAZI YA NYUMBANI

Mwendee mzee mmoja wa nyumbani kwako au jirani. Mwombe akuimbie wimbo mmoja alioupokea kwa mama yake au bibi yake: wa kazi, wa kubembeleza mtoto, au wa msiba. Uandike katika daftari lako kama alivyouimba, usiubadilishe neno. Chini yake andika jina la mzee, mahali alipozaliwa, na jina la aliyemfundisha. Ulete darasani wiki ijayo.